Mpini wa Mninga

Liberatus alijua fika kwamba bastola ya marehemu baba yake ingechomwa moto. Tangazo lilikuwa wazi: silaha zisizo na kibali zisalimishwe, zote zitateketezwa. Hata hivyo alikaa barazani kwake kijijini Idodi, akafungua mpini, akasugua vibao vyake viwili kwa msasa laini mpaka weusi wa jasho ukatoka na wekundu wa mninga ukarudi. Kisha akavipaka mafuta ya kitani na nta ya nyuki, akavifuta kwa kitambaa mpaka vikang'aa.

“Baba Devota, una akili kweli?” mkewe Severina alimuuliza. “Unakipamba kitu cha kuchomwa?”

“Hata maiti huoshwa!” Liberatus alifoka. “Nikimpeleka Baba mchafu, watasema hakuacha mtoto.”



Siku ya kuteketeza, Liberatus alisimama mbele kabisa ya umati, Iringa mjini. Bunduki zilirundikwa juu ya kuni, nyingi kutu tupu, na moto ukazilamba bila haraka. Mpini wa bastola yake ndio ulioshika kwanza. Mafuta yale yale aliyoupaka yaliuita moto. Ukawaka vizuri kuliko mipini yote, na kabla hajavua kofia, ulishakuwa majivu.