Springi Iliyolegea

Shati lilikuwa bado bichi mabegani mama yake alipolitoa chini ya pasi na kumkabidhi.

"Mara hii funika kombe, mwanangu," mama alisema. "Wakitaka mstari ulionyooka, wachoree ulionyooka. Mwaka mwingine wa shule sina."

Darasani walimwita Shangazi, kwa kuwa aliwapita wote umri. Alikuwa anarudia mtihani wa fizikia. Mwaka jana, kwenye vitendo, aliandika alichokiona, akafeli, na chuo cha ufundi kikamfungia mlango. Asipopita leo, habari ya chuo imekwisha.

Kila meza ya maabara ilikuwa na springi inayoning'inia, rula pembeni, na mawe ya mizani. Unatundika jiwe, unasoma springi imerefuka kiasi gani, unaongeza jingine, kisha unachora grafu. Mstari unatakiwa unyooke. Hilo hata aliyelala darasani analijua. Lakini springi zile zilikuwa zimevutwa na wanafunzi wa miaka mingi mpaka zikalegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Michango ya kununulia mpya wazazi walishatoa. Mwenye macho haambiwi tazama: ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na makochi mapya.

Shangazi alipoondoa mawe, springi ilibaki vilevile, imerefuka. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, springi yangu hairudi."

Msimamizi, mgeni aliyeletwa na watu wa mitihani, alikuja polepole. "Hairudi wapi?"

"Nikitoa mzigo haijikunji. Naomba nyingine."

"Nyingine iko wapi, binti? Umesikia mwenzako yeyote akilalamika?"

Wenzake walikuwa wanapika majibu. Kijana wa meza ya pili hakuwa ametundika hata jiwe moja, na grafu yake ilishakamilika.

"Shangazi, pika," kijana huyo alimnong'oneza, msimamizi alipogeuka. "Hiyo hata ukiibembeleza."

Ilimuuma. Fizikia aliipenda kwa sababu haikuwa na upendeleo. Jiwe likiachiwa linaanguka, liwe la tajiri au la maskini. Alitazama vipimo vyake vya kweli na mstari uliopinda, akavifuta vyote. Akaanza na jibu, akarudi nyuma namba kwa namba, mpaka mstari ukanyooka.

Likabaki swali la mwisho: *Taja chanzo kimoja cha makosa katika jaribio lako.* Mwaka jana hapo ndipo alipoandika kwamba springi ni mbovu na shule inajua. Kalamu ikasita. Msimamizi alikuwa amerudi, amesimama nyuma yake, anasoma.

"Hilo mbona rahisi," alimwambia kwa upole, na upole ule ulimkera kuliko kufokewa. "Si mnafundishwa wote?"

Kweli walifundishwa: lawama apewe anayesoma rula, si kifaa. Shangazi akaandika kwa mwandiko mzuri, herufi moja moja: *Makosa yalitokana na macho ya mtahiniwa.*