Kona ya Mama Mkwe

Mume wangu Mutinda ana shule ya udereva hapa Machakos mjini, ghorofani juu ya duka la mbolea, na kazi yake kutwa ni kusukuma vigari vya plastiki juu ya ubao uliochorwa barabara. Hapa toa indiketa. Hapa simama, mpishe mwenye haki. Mtu akisukuma vigari miaka yote hiyo, kichwa chake huingia kasoro, na kasoro ya Mutinda ilikuja na magurudumu manne. Mwaka uliofuata zile mvua za El Nino, wakati watu wenye akili walikuwa wakirekebisha mapaa, yeye alinunua gari la mbio.

Si jipya, usiniharakishe. Lilitengenezwa mimi nikiwa bado shule ya msingi: milango miwili, viti viwili, na pua ndefu ya kunusa mambo yasiyolihusu. Alilitoa kwa mfugaji mmoja wa Konza, ambako kuku walikuwa wakitagia kiti cha dereva. Akalipaka rangi ya chungwa. Binamu yake mchonga vinyago wa Wamunyu akamchongea kishikio cha gia, kifaru mzima, na pembe yake ikawa inamchoma Mutinda kiganjani kila akiingiza namba mbili. Kisha akalipa jina, Kaveti, ambalo kwa Kikamba ni neno la kumdekezea mke. Mimi mwenyewe ameniita Mama Carol tangu Carol azaliwe.

Kaveti alikuwa na kabureta mbili, na ilitakiwa zipumue sawasawa. Basi Mutinda alikuwa akizisikiliza kwa kipande cha mpira wa kumwagilia maua, ncha moja kwenye kabureta, ya pili sikioni, macho ameyafunga. Nikikohoa usiulize kama aliwahi kunisikiliza hivyo. Kabureta zikiziba zilichemshwa katika sufuria yangu ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na mpaka leo muthokoi wa nyumba hii una harufu ya petroli, wageni wanakula kwa adabu tu. Bushi za suspensheni alizikata kwenye tairi kuukuu la lori. Gasketi alizikata kwenye boksi la viatu vyangu vya harusi. Viatu vyenyewe akaviacha juu ya kabati vikipigwa na vumbi.

Kilichomshinda ni stata. Aliifungua, akaifunga, akaibembeleza, akaipiga nyundo, ikakataa. Kwa hiyo Kaveti aliwashwa kwa kusukumwa, na aliyesukuma ni mimi, Carol, na mpita njia yeyote asiyejua kukataa. Halafu alikuwa na tabia nyingine: injini ikishapata moto, ukisimama tu, inazima. Mume wangu, mwalimu wa kusimama, akawa na gari lisilotaka kusimama.

Na haya yote ni kwa ajili ya nini? Kuna klabu ya watu wa Nairobi wanaokodi kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, huko Konza. Kila baada ya miezi kadhaa, Jumamosi, mwenye gari kuukuu la mbio analeta, anazunguka raundi tano, anapimwa kwa saa. Hakuna kombe. Hakuna hata soda. Unachoma mafuta yako, unakula vumbi lako, unaambiwa dakika zako, unarudi nyumbani ukijiona mtu. Wenzake huleta magari yao juu ya trela, wamevaa glavu, na mwenyekiti wao, wakili aitwaye Titus, ana kofia ya chuma inayolingana rangi na gari lake. Mutinda alikwenda na ovaroli yenye jina la shule mgongoni, na kwenye kila kona alitoa indiketa. Kona za kiwanja kile zote ni za kulia. Taa ya kushoto ya Kaveti ingali mpya.

Mara tatu alikwenda, mara tatu alirudi akivutwa. Mara ya kwanza kwa trekta. Ya pili kwa lori la mchanga. Ya tatu lori lililotuvuta lilituacha njia panda, na tukaingia mjini na mkokoteni wa punda mbele yetu, watu wamejipanga barabarani, wanafunzi wake wa udereva wakipiga makofi. Siku hiyo niliingia ndani nikiwa na hasira ya kuvunja vyombo. Nikamwita Shaaban.

Shaaban anauza spea karibu na msikiti. Ni mtu wa maneno laini, na kwa muda mrefu alikuwa akimtazama Kaveti kama mtu anavyomtazama mbuzi mwezi wa Desemba. Alikuwa tayari na mteja wa milango, na mwingine wa boneti. Mbele yake, chai mezani, nilimbana mume wangu mpaka akatamka.

"Sawa," Mutinda alisema. "Ikimaliza raundi tano na irudi hapa yenyewe, hakuna mtu ataniongelesha juu ya hii gari tena. Ikirudi ikivutwa, Shaaban aichukue."

"Inshallah Bwana Mutinda," Shaaban alisema, macho yake dirishani, kwenye boneti.

Nilifurahi. Nilianza hata kupanga nitakachopanda pale Kaveti alipokuwa akilala. Lakini mwanamume akiwekewa sharti ni balaa. Mutinda aliacha kulala mchana Jumapili. Alibadilisha mipira ya breki, akasafisha tangi, akapuliza kila tundu la kabureta kwa mdomo wake, mpaka siku moja nilikuwa jikoni nikasikia Kaveti akipanda mlima wa Mutituni bila kukohoa hata mara moja. Nikaogopa. Lile gari lilikuwa linapona.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu.

Mama anakaa Mwala, na ni Mkamba wa zamani. Kati yake na Mutinda kuna nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake ambayo mtu na mama mkwe wake huwekeana. Vijana wa siku hizi wanakula sahani moja na wakwe zao, lakini mama hakubali hayo, na Mutinda, kwa sifa yake, hajawahi kuivunja. Hawatazamani usoni. Hawaongei ila kupitia mtu wa tatu. Wakikutana njiani, mmoja anatoka pembeni, na Mutinda hawezi kumpita mama bila kusimama, ateremke, amsalimu mpaka salamu ziishe. Angempita mama kwa mbio amrushie vumbi, asingeweza kutazama watu wa Mwala tena maisha yake yote.

Unaona nilipokuwa naelekea. Gari linalozima likisimama, na mtu asiyeweza kutosimama.

Nilimwambia mama kuna maonyesho ya magari. Shaaban alitupeleka kwa pikapu yake, mama mbele, mimi nyuma na kamba nene aliyoibeba kwa ajili ya kumvuta Kaveti. Tulifika mapema, tukakaa mbali chini ya turubai, nikammiminia mama chai. Nilimwacha Mutinda aanze.

Na alianza vizuri, lazima niseme. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kaveti alikuwa akilia kwa sauti moja, safi, bila kujikwaa, vumbi jekundu limesimama nyuma yake, indiketa ya kulia ikipepesa. Titus alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. "Huyu mtu wa Machakos amekula nini leo?" akamwuliza mwenzake. Nilihisi fahari. Nikaikemea, nikamshika mama mkono na kigoda chake, nikampeleka kwenye kona ya mwisho, pale njia inapoteremka halafu inakunja. Nikamweka nyuma ya tairi zilizopangwa, mahali salama, mahali pa kuonekana.

Raundi ya nne Kaveti alitokea juu ya mteremko. Nikaona kofia ya Mutinda ikigeuka kidogo. Halafu sauti ikakatika. Hakungoja hata lizime lenyewe, alilizima kwa mkono wake, akaliacha liteleze polepole pembeni, mbali, ili hata punje ya vumbi isimguse mama. Akateremka, akavua kofia, akaja upande upande uso ameuelekeza kwenye kichaka. Mama naye akajifunika leso kichwani, akazitazama tairi.

"Mwambie mama namsalimu," Mutinda akaniambia.

"Mwambie nimeitika," mama akasema. "Watoto wako aje?"

"Mwambie wako salama. Na Mwala, watu wako salama?"

"Mwambie wako salama, ni mvua tu haijakuja. Na yule mbuzi aliyekuwa akiumwa jicho amepona."

"Mwambie nimeshukuru Mungu kwa mbuzi."

Magari ya Nairobi yalikuwa yakitupita moja baada ya jingine, wenyewe wamegeuza shingo. Mutinda alijua wakati unakwenda. Lakini salamu za mkwe hazikatwi, na hakuzikata. Alipomaliza aliinamisha kichwa kwa kile kichaka, akarudi garini, akazungusha ufunguo kwa sababu mtu hakosi kutumaini. Stata ikakataa kama kawaida yake. Kule mbali trekta la klabu likawashwa.

Nilikuwa nimeshinda, na sikutaka kulitazama lile trekta.

"Hiyo trekta inaenda wapi?" mama akauliza.

"Inakuja kumvuta."

"Kwa nini?"

"Gari yake ikisimama haiwaki, Mwaitu. Mpaka isukumwe."

"Na alijua hivyo?"

"Alijua."

"Na alisimama."

Mama alinitazama kwa uso ule ule aliokuwa akinitazama nao sukari ikipungua koponi. Kisha akafungua leso kichwani, akaifunga kiunoni, akapita kati ya tairi. Alikwenda nyuma ya Kaveti, akaweka viganja vyake viwili juu ya ile rangi ya chungwa, akainamisha uso chini. Mutinda ndani alikuwa akitazama mbele, mikono kwenye usukani, shingo imekakamaa. Nthoni haikuguswa, kwa maana hakuna aliyemwona mwenzake. Titus alikuja mbio, akafungua kinywa kutoa sheria, akamwona yule mama mzee amejikaza, akakifunga.

Mtoto gani atasimama mamake akisukuma gari? Niliweka mkono. Nilisukuma kwa nguvu kuliko siku zote, na haya ilikuwa imenijaa mpaka masikioni. Kaveti akajivuta, akakohoa, akashika.

Alimaliza raundi ya nne, akamaliza ya tano. Muda wake ulikuwa mbaya kuliko wote tangu klabu ianzishwe, Titus mwenyewe alitangaza kwa kipaza sauti, na watu wa Nairobi walimpigia makofi bila kujua vizuri ni kwa nini. Shaaban hakupiga. Alikunja kamba yake polepole, akasema tuondoke kabla jua halijawa kali.

Hatukufika hata lami. Mkanda wa feni wa pikapu ulikatika, maji yakachemka, mvuke ukafunika kioo chote. Shaaban alipekua kila pembe ya gari lake. Mwuza spea wa Machakos nzima hakuwa na mkanda mmoja wa spea. Mutinda akatokea nyuma yetu, akatoa indiketa, akapita, akasimama mbele mguu ukiwa kwenye mafuta ili Kaveti asizime. Akanyoosha mkono dirishani kuomba ile kamba.

Ndivyo tulivyoingia mjini. Kaveti mbele, mimi ndani yake nikimpigia magoti yule kifaru wa gia, pikapu ya Shaaban nyuma, na ndani ya pikapu mama yangu ameketi wima, urefu wa kamba nzima kati yake na mkwe wake. Watu wale wale wa siku ya punda walitoka madukani. Hakuna aliyecheka. Njia nzima Mutinda hakuniuliza mama alifikaje kwenye ile kona, na afadhali angeuliza.

Kituoni mama aliteremka apande gari la Mwala. Alinisimamisha kati yao, mgongo wake kwa Mutinda, ambaye alikuwa hatua mbili tu, mguu kwenye mafuta, macho mbele.

"Mwambie asiiuze," mama akasema. "Mwambie siku ya kunizika nataka hiyo gari itangulie mbele ya maiti. Na isukumwe na huyu aliyeniweka kwenye kona."

Mutinda alikuwa amesikia kila neno. Lakini kati ya mtu na mama mkwe wake neno halifiki mpaka libebwe, na mbebaji hana ruhusa ya kupunguza. Nikainama dirishani, nikamwambia yote, mpaka la mwisho.

Akatoa indiketa ya kushoto, ile taa mpya, kama dereva anayempisha mwenye haki.

"Mwambie mama nimesikia," akasema.

Nikageuka, nikamwambia mama kwamba amesikia.