Mbuzi wa Mzee Sosthenes

Lusekelo alichelewa sana kuwatilia shaka wale mbuzi.

Kila Jumamosi asubuhi, wapenzi wa redio za ridhaa wa Nyanda za Juu Kusini hukutana hewani. Hakuna muziki wala matangazo. Ni watu wenye leseni na mitambo yao majumbani, wanajuliana hali na kupeana habari za mvua na barabara. Mzee Bartholomeo wa Iringa ndiye huwaongoza, na alipopata safari ndefu ya Dodoma alimwachia Lusekelo usukani.

Lusekelo alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita. Ajira hana, moyo anao. Aliamini kwamba mkulima wa Ilula na nesi wa Mbalizi wakizoea kuzungumza siku za raha, hawatashindwa kutafutana siku ya mafuriko. Kwa hiyo alijenga amplifaya yake mwenyewe, akaiunganisha na redio yake ya kisasa, ile ambayo kazi yake kubwa hufanywa na programu ya kompyuta. Akakaa chumbani kwake Mbeya, akakaribisha watu.

Watu walikuja. Kisha wakaondoka.

"Unasikika vizuri sana, kijana wetu," alisema Mzee Sosthenes wa Ilula. "Ila samahani, mbuzi wameingia kwenye nyanya. Acha niwakimbize."

Evarista, nesi wa Mbalizi, naye alimsifu, halafu akakumbuka maharage jikoni. Jumamosi iliyofuata mbuzi waliingia tena na maharage yakaungua tena. Iliyofuata hapo, Lusekelo alijisalimia mwenyewe. Na Mzee Bartholomeo alikuwa anarudi karibuni. Angekuta mkutano alioulea miaka yote umefia mikononi mwa kijana aliyemwamini.

Ndipo akampigia simu Frida, mtoto wa shangazi yake, mwalimu wa fizikia huko Kilolo. Frida hana leseni ya kurusha. Ana redio ya kusikilizia tu, iliyounganishwa na kompyuta.

"Umewahi kunisikiliza hewani?"

"Nilijitahidi, binamu."

"Nikoje?"

"Kama mtu anakaanga samaki ndani ya ngoma."

Lusekelo akakaa vizuri. "Mbona wote wanasema nasikika vizuri?"

"Wale wanakuheshimu. Mimi mtani wako, nikuheshimu kwa lipi? Tena ungekoroma mahali pako tu tungekusamehe. Kwenye skrini yangu umejaa juu na chini ya masafa yako. Mtu akikukimbia, anakokwenda anakukuta umeshafika."

Lusekelo alicheka, lakini maneno yalimwingia. Ugonjwa wenyewe aliujua. Amplifaya haikuzi kila sauti sawasawa: ile ndogo inaikuza vizuri, ile kubwa inaibana kichwa, na huko kubanwa ndiko kunakozaa mikoromo inayomwagikia masafa ya majirani. Dawa nayo aliijua, ila hakuona sababu ya kuinywa maadamu kila mtu alimsifu. Unachukua kiasi kidogo cha kile kinachotoka kwenye amplifaya, unakirudisha kwenye redio, na programu inalinganisha kilichokusudiwa na kilichotoka. Ikishajua amplifaya inapinda wapi, inaipinda sauti upande wa pili kabla haijaingia, ili itoke imenyooka.

"Yaani redio inajisikiliza yenyewe," Frida alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Basi inakushinda akili."

Alhamisi, Frida akiwa kwenye mapumziko ya shule, redio yake mezani na simu sikioni, Lusekelo aliunganisha waya wa kurudisha sauti, akaweka na kipunguza nguvu asije akaiunguza redio. Akavuta pumzi, akarusha.

"Bado umetanda," Frida alisema. "Kama shuka lililoanikwa."

Akaanza upya. Programu ilijaribu kunyoosha, ikakata tamaa, ikajaribu tena.

"Hicho kitufe cha nguvu umekizungusha mpaka wapi?"

Lusekelo akakitazama kitufe.

"Mpaka mwisho, sivyo? Kama spika za kwaya yenu."

Alikuwa amepatikana. Tangu sekondari yeye ndiye fundi mitambo wa kwaya kanisani kwao, na kule kila kitufe kina mahali pamoja tu pa kukaa. Lakini amplifaya iliyofika kikomo hainyoosheki. Programu inaomba iongezewe kidogo, na hicho kidogo hakipo.

"Nikipunguza sitafika Ilula."

"Ilula unafika, ndiyo maana mbuzi wanasingiziwa."

Akapunguza kidogo, kwa uchungu. Akapunguza tena. Programu ikashika. Upande wa Kilolo ikasikika kelele ya wanafunzi uwanjani tu.

"Sema basi."

"Subiri. Unashuka huku pembeni, unashuka..." Frida alisahau utani kwa muda. "Umekuwa mstari mmoja mwembamba. Umekonda, binamu."

"Na sauti?"

"Mbaya, ila sasa ni ya kwako."

Jumamosi Lusekelo aliita. Evarista akaitika. Mzee Sosthenes akaitika.

"Unasikika vizuri sana, kijana wetu," alisema mzee. Maneno yaleyale kabisa. Lusekelo akawangoja mbuzi. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha nguvu, akaurudisha, akaukalia.

Mzee Sosthenes akaeleza habari za mvua. Akahamia bei ya nyanya, akamteta mkwe wake aliyenunua pikipiki mbovu. Evarista akauliza huyo mkwe ni yupi, na fundi mmoja wa Makambako aliyepotea tangu wiki za mwanzo akaingilia kumtetea. Jua likapanda, na hakuna aliyeaga.

Mwishowe Lusekelo alishindwa kujizuia. "Mzee, na mbuzi hawajambo?"

Hewani kukawa kimya, kimya safi kisicho na hata mkoromo mmoja.

"Mbuzi," alisema Mzee Sosthenes polepole. "Kusema kweli, kijana wetu, mimi nafuga kuku."