Jicho Halijaiva

Jaafar alikuwa mkwezi wa minazi, na mkwezi ni mtu wa kungoja. Kwa miaka thelathini aliwakwelea watu wa Kinondo na mahoteli ya Diani, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja: kitale ukikiangusha leo umekula hasara. Kiache kiwe dafu, dafu liwe koroma, koroma liwe nazi. Ndiyo maana jicho lake la kulia lilipoanza kufifia hakubabaika. Alisema ni mtoto wa jicho tu, na mtoto wa jicho sharti aive ndipo atolewe.

Mkewe, Mwanatumu, akaitikia amina. Heri angalipatwa na kigugumizi siku hiyo! Mamake, naye kwa mtoto wa jicho, aliwahi kurudishwa na wauguzi, zamani hizo, akaambiwa jicho bado halijaiva. Akangoja, akapasuliwa, akaona mpaka tundu la sindano. Basi mwaka juzi, madaktari wa macho walipopiga kambi shuleni na Jaafar akawa amekwisha panga foleni, Mwanatumu alimfuata akamshika mkono.

"Baba Zainabu, utalitia kovu jicho bure. Mimi si unaniona? Basi halijaiva."

Wakarudi nyumbani, wakala wali wao wa nazi, wakalala.

Jicho la kushoto nalo likafuata. Jaafar akawa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bega lake halikupata raha kwa kugonga miimo ya milango. Mwaka huu, akiwa juu ya mnazi, alinyoosha mkono kushika kuti asilikute, akaning'inia kwa kamba ya miguuni mpaka watu walipomteremsha. Hakukwea tena.

Kambi iliporudi, Mwanatumu alimvisha kanzu safi na kumwongoza mwenyewe hadi shuleni. Daktari alikuwa binti wa Kikamba, jina lake Kavata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea jicho, limeiva. Lichume."

Wote watatu walicheka. Kavata akalimulika jicho la kulia, akalimulika la kushoto, akarudia la kulia na kukawia hapo.

"Mzee, hapa hakuna mtoto wa jicho. Kioo cha jicho lako ni safi kabisa."

"Wasikia, Mama Zainabu? Jicho zima! Alhamdulillahi!"

Mwanatumu alikuwa akimtazama binti yule usoni. Nani hutoa habari njema huku amekaza midomo?

Kavata alivuta kiti, akaketi karibu. "Mzee, jicho linapokea mwanga tu. Anayeona ni ubongo, tena sehemu ya huku nyuma." Akamgusa kisogo. "Kutoka jichoni mpaka huku kuna mshipa wa fahamu, na ndani yake nyuzi zaidi ya milioni moja, nyembamba kuliko unywele. Kila uzi unabeba kipande chake cha picha. Presha ya macho imezibana, zikafa kidogo kidogo, na zile za pembeni zikatangulia. Haina maumivu, ndiyo maana hukushtuka. Hata sasa mwanga unaingia vizuri kwenye jicho hili la kulia, unafika nyuma ya jicho, lakini njia ya kuupeleka kwenye ubongo haipo."

"Kamba ikikatika huungwa," Jaafar alisema.

"Hii haiungwi, mzee."

"Hata Nairobi?"

"Hata ng'ambo. Nitakupa dawa ya matone, labda itaokoa hicho kidogo kilichobaki kushoto. Labda." Kavata alishusha pumzi. "Mbona hukuja mapema? Mwaka juzi tulikuwa hapa hapa. Tungeokoa nyuzi nyingi sana."

Mwanatumu alifungua kinywa.

"Ni mimi niliyekataa," Jaafar alidakia. "Mimi ni mkaidi, daktari. Huyu mke wangu hakuniweza."

Kavata akaandika. Mwanatumu akafunga kinywa chake, na kwa kunyamaza kule akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote duniani.

Nje, waliopasuliwa walikuwa wameketi kwenye benchi, kila mmoja na pamba jichoni, wakitaniana nani kesho atamkimbia mumewe akimwona vizuri. Mwanatumu alimpitisha Jaafar mbele yao, akampandisha tuktuk, akaketi kuliani kwake. Upande huo wa jicho lililozimika angeweza kulia apendavyo, na alilia mpaka leso ikalowa. Walipokaribia nyumbani hakuweza tena kuficha.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekutoa foleni."

"Najua," Jaafar alisema, uso ameuelekeza mbele. "Siku ile nilikuwa nakuona."