Utomvu Nje ya Boya

Baragumu la kome lililia mara tatu, na kabla jua halijachomoza wanawake walikuwa wameshateremka ufukweni na vyuma vyao vya kuchomea pweza. Miezi mitatu mwamba ulikuwa umefungwa usivuliwe ili pweza wakue, na leo ulikuwa ukifunguliwa. Miezi mitatu Soazara, mlinzi wake, alikuwa akiuzunguka na nyayo zilizochanwa na matumbawe, huku wanawe wakila mihogo mitupu.

Vyuma havikuhitajika. Madimbwini samaki wadogo walielea matumbo juu. Pweza walikuwa wamelegea nje ya mashimo yao, weupe kama matambara. Bibi mmoja aliinama, akanusa maji, akasema neno moja tu: laro. Utomvu wa kichaka hicho, ukimwagwa majini, huwalewesha samaki na kuua kila kilicho karibu. Kijiji kilikuwa kimeupiga marufuku kwa kiapo, na faini yake ni mbuzi.

Soazara hakumsaka mtu. Alirudi nyumbani akamkuta kaka yake, Mahavelo, amelala kivulini, kope zimevimba hadi zimefumba. Laro ikikurukia machoni haikufichi.

Mwenyekiti wa kamati ya mwamba, mtani wa ukoo wao, alikuwa ameshatangulia kufika.

"Huyu mtani wangu hajawahi kuua hata chawa wake," alisema akicheka, "atauaje mwamba mzima? Tuseme bahari imechafuka."

Akaongeza kwamba mtani hamshtaki mtani, kwamba undugu ni mkubwa kuliko pweza, na kwamba mwamba utafungwa upya, basi, yameisha. Akajikung'uta mchanga akaenda zake.

Mahavelo alijitetea kwa sauti ya chini. Hakumwaga ndani ya eneo lililofungwa, alimwaga nje ya boya la mpaka. Alitaka samaki wawili watatu wa mkewe aliyejifungua juzi, akidhani maji yanatoka na yataupeleka utomvu mbali. Kumbe yalikuwa yameshageuka, yanajaa. Mvezo, mtu wa kabila la wavuvi, aliyezaliwa ndani ya ngalawa, alikuwa ameshindwa kuyasoma maji.

Soazara aliketi chini, mgongo ukutani. Hasira aliitafuta asiione. Uchovu ulikuwa umeimaliza. Alimkumbuka Velonkasy, mjane aliyetozwa mbuzi wake wa pekee mwaka jana kwa kosa hilihili. Soazara mwenyewe ndiye aliyeifungua kamba ya mbuzi huyo. Mjane hakuwa na mtani kwenye kamati.

"Utaninyamazia, dada yangu?" Mahavelo aliuliza, uso ameuelekeza siko.

Soazara alichovya kitambaa majini, akakikamua, akamfuta kope taratibu.

"Jioni nitakushika mkono hadi barazani, maana njia huioni. Nitakukalisha mbele ya watu, Velonkasy akiwepo, na jina lako nitalitaja mimi. Kama huna mbuzi, nitamtoa wangu. Lakini nitakutaja, kaka. Hiyo nakuahidi."