Redio Nane za Uwanja wa Pamba

Mwaka ule wa mgao wa umeme, redio koli nane za walinzi wa uwanja wetu wa pamba, Chang'ombe, ziliishiwa chaji na kukata roho kila siku saa nane mchana. Moshi ukitokea baada ya hapo, mlinzi alibaki kupiga kelele tu. Tajiri akaniambia, "Koku, kesho betri zikidumu mpaka saa kumi na mbili jioni, kitengo cha redio ni chako. Zisipodumu, rudi kwenye mashine ya kuchapa."

Asubuhi nikawasikiliza walinzi wakiongea hewani.

"Mzee Mashaka, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mama Suhaib na mguu wake?"

"Anatembea kidogo. Na wewe kifua?"

Walinzi wanane, kila mmoja na wenzake saba, wote hewani! Na redio hula betri zaidi inaposema kuliko inaposikiliza.

Nikachora ramani ya uwanja, na kila mlinzi duara: anaona mpaka wapi. Maduara yalilaliana. Wanne walitosha kuona kila robota la pamba. Wanne wengine wazime redio wapumzike, kisha wabadilishane kila baada ya saa mbili. Hewani, namba tu.

"Namba?" Mzee Mashaka aling'aka. "Mie mtu wa Temeke, baba na babu, niitwe Tatu kama jezi? Bila hata salamu? Huko kwenu Bukoba ndivyo mnavyoishi?"

"Kwetu tunaamkia kwa kupiga magoti, mzee. Sasa hewani nitayapigia wapi?"

Wenzake wakacheka. Nikawaahidi dakika kumi getini kila zamu, waamkiane mpaka watosheke. Akaguna, akachukua redio yake.

Mchana ukawa kimya hata nikaogopa. Saa tisa na nusu, sauti ikakwaruza: "Tatu. Moshi. Marobota ya kusini."

Basi. Tukakimbia. Robota moja lilikuwa linaungua kwa ndani. Tukalivuta nje, tukalipasua, tukalimwagia maji mpaka likanyamaza.

Saa kumi na mbili tajiri akashika redio mwenyewe. "Nani yuko hewani?" Namba nne zikajibu. Zile nne nyingine zikawashwa, nazo zikajibu. Akanikabidhi ufunguo wa kabati la chaji.

Mzee Mashaka akaja na nywele zimejaa pamba, akainamia ramani yangu.

"Duara langu umelikosea. Pale kuna rundo linaniziba. Ule moshi nimeuona kwa kusimama juu ya ndoo."

Alisema kweli. Nikafuta, nikalisogeza hatua kumi, nikaanza kupanga zamu za kesho.