Fundi Amesafiri

Kwa miaka thelathini na moja Kapteni alilala ndani ya lori zaidi kuliko alivyolala kitandani kwake, na mkewe hakuwahi kukanyaga hata ngazi ya lile lori. Sheria za kampuni, alisema. Bima. Mke akaelewa, maana alikuwa mtu wa kuelewa, na hilo ndilo lililomponza.

Mtaani walimwita Fundi. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na suruali za waungwana wenye matumbo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukitazama barabara. Safari zake zote zilikuwa za kutoka cherehani hadi jikoni na kurudi. Kiguu na njia kwelikweli, ila njia yenyewe ilikuwa na hatua kumi na mbili.

Basi Kapteni alipostaafu, siku moja akaja na gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akaliegesha uani, akavua kofia yake yenye ukingo iliyompa jina, akasema, "Hili tutalitengeneza liwe chumba. Tutalala humohumo, tutapika humohumo. Sasa tutasafiri kwa raha zetu, bila mzigo wa mtu."

Tutasafiri! Fundi alikuwa anapiga pasi kola. Aliisahau pasi palepale mpaka kola ikatoa moshi, na katika ufundi wake wote hiyo ilikuwa kola ya pili kuiunguza. Hakuuliza kitu. Aulize nini? Mtu akisubiri jambo nusu ya umri wake, siku likija hasemi, "Hebu rudia, sijasikia vizuri."

Mimi ningeuliza. Lakini mimi ni mbishi, Fundi siye.

Kazi ikaanza. Miezi mitatu uani palikuwa na kelele za msumeno na drili. Kapteni aling'oa rafu za mikate, akatandika mbao sakafuni, akatoboa paa na kuweka kidirisha cha kupitisha hewa. Akafunga tangi dogo la maji na bomba, akaweka jiko la gesi la mafiga mawili. Hata baada ya kupigwa rangi, jua likiwaka gari lile lilinukia mkate. Fundi alipenda kuingia mchana, kukiwa hakuna mtu, akakaa sakafuni na kuvuta ile harufu, akijiona ameshafika mbali.

Kwenye ukuta wa jikoni Kapteni alibandika karatasi ya mahitaji. Vikombe viwili. Sahani mbili. Vijiko viwili. Viti vya kukunja viwili. Fundi kila akipita na sufuria aliisoma upya, na kila akifika kwenye neno "viwili" alitabasamu peke yake kama msichana aliyeandikiwa barua.

Naye hakulaza damu. Alishona mapazia ya njano yenye bitana, yasipenyeze mwanga. Alishona mifuko ya kuning'iniza ukutani, wa sabuni, wa tochi, wa ramani. Alijishonea gauni la safari lenye mifuko mikubwa pembeni, kwa sababu alisikia safarini mtu anahitaji mikono mitupu. Oda ya sare za muhula mpya akamwachia fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka kumi walikuwa hawasalimiani. Kila mteja aliyekuja alimwambia mwenyewe, "Mwezi ujao sipo. Tunasafiri." Akakata kipande cha boksi la nyuzi, akaandika kwa kalamu nene: FUNDI AMESAFIRI. Akakificha chini ya cherehani akisubiri siku.

Katikati ya hayo binti yao akapiga simu. Alikuwa anaishi mbali, pamoja na mumewe, na tumbo lilikuwa la kwanza.

"Mama, daktari anasema mwisho wa mwezi ujao. Utakuja?"

Uani Kapteni alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, anagonga chuma. Fundi aliitazama ile miguu. Moyo ulimvutika huku na huku, nisiwadanganye. Mjukuu wa kwanza! Nani asiyetaka kumpokea mjukuu wa kwanza?

"Mwanangu," akasema, "mwezi huo tuna safari. Baba yako nimemsubiri tangu hujazaliwa. Nikimwambia leo tuahirishe, atadhani sitaki."

Kisha binti akasema, "Nenda, mama. Nitamwomba mama mkwe." Sauti yake ilikuwa nzuri, ile nzuri ya mtu anayejikaza. Fundi alikata simu, akaenda kufua vitu ambavyo havikuwa vichafu. Hakumwambia Kapteni. Alitaka asimharibie furaha.

Zikabaki siku nne. Kapteni akampa karatasi yenye vipimo vya magodoro. Mawili, membamba, moja kila upande na njia katikati, kwa sababu mgongo wake, alisema, haukubali tena kubanana. Fundi aliinunia kidogo hiyo njia ya katikati, kisha akaisamehe. La kwanza lilikuwa futi tano na inchi tisa. Sawa, hicho kilikuwa kipimo cha Kapteni, kimeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari lake la wateja. La pili lilikuwa futi sita na inchi tano.

Fundi akacheka mpaka akashika ubavu. Futi sita na inchi tano! Yeye, ambaye rafu ya juu huifikia kwa kupanda kigoda! Mume wake huyu, alijisemea, anajua kilomita tu, futi kwake ni Kichina. Ameshika tepu upande usio wake. Kumrudishia karatasi aliona ni kumuumbua. Fundi mzuri mteja akikosea kipimo humrekebishia kimyakimya, mteja akavaa, akapendeza, akajisifu mwenyewe.

Alichukua tepu ajipime. Hapo ndipo alipogundua kwamba katika daftari lile walikuwemo watu wa mtaa mzima, hata waliokwisha kufa, na yeye hakuwemo. Akasimama ukutani, akaweka alama kwa chaki. Futi tano kasoro inchi moja. Akaikata sponji ya pili futi tano na inchi mbili, akaivika foronya ya mistari yenye zipu, na kile kipande kilichobaki akakifanya mito miwili.

Asubuhi ya safari aliamka kabla ya mumewe, akaoga, akavaa gauni la mifuko. Akatundika kile kibao cha boksi nje ya mlango wa barabarani. Mkoba wake mdogo akauweka kizingitini pa mlango wa uani. Alijiona ameshaikanyaga ndoto yake, na miguu ilikuwa haitulii.

Geti likafunguliwa, akaingia Mlingoti. Huyu ndiye dereva aliyepokezana usukani na Kapteni enzi zote za lori, jitu refu ambalo huinama kabla halijafika mlangoni, na suruali zote za dukani humwishia kwenye ugoko. Fundi ndiye aliyekuwa akimshonea. Begani alikuwa na begi.

"Shikamoo shemeji," akasema, ingawa walikuwa rika moja. Ulikuwa utani wao.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuaga?"

Mlingoti akacheka, akidhani naye ametaniwa. Kabla hajajibu, sauti ya Kapteni ikatoka ndani ya gari.

"Nani amekata hili godoro? Mke wangu! Hebu njoo! Si nilikuandikia kipimo? Sasa Mlingoti atalala wapi hapa, atakunja miguu kama panzi?"

Fundi alisimama uani na gauni lake. Futi sita na inchi tano. Kwenye daftari, ukurasa wa Mlingoti, iliandikwa futi sita na inchi tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Inchi mbili za ziada ni za kujinyoosha. Kapteni alijua kupima, tena vizuri sana.

"Mlingoti anakwenda?" akauliza.

"Sasa nani mwingine?" Kapteni alitokeza kichwa. "Si nilisema tutasafiri?"

"Ulisema tutasafiri."

"Ehee."

Na kweli hakudanganya, hilo ndilo linalotia hasira mpaka leo. Miaka thelathini na moja mtu huyu alirudi nyumbani akisimulia: tulilala mpakani, tulipasukiwa tairi, tulikula samaki mkubwa ajabu, tulicheka tukafa. Kila siku "tu" yake ilikuwa na watu wawili ndani, na kila siku walikuwa walewale. Fundi aliisikia maelfu ya mara akiwa anampakulia chakula. Mara moja tu ndipo alipojiingiza humo bila kualikwa.

"Na mimi je?" akasema.

Kapteni alikunja uso, si kwa ubaya, ila kama mtu aliyeulizwa hesabu ghafla. "Wewe si unakwenda kwa binti yako? Mtoto anajifungua mwezi huu. Nilijua tu utakuwa huko. Tena wewe safari zinakuchosha."

"Safari ipi?"

"Eh?"

"Nitajie moja. Safari ipi iliyonichosha mimi?"

Kapteni alitazama lile gauni, akautazama mkoba kizingitini, na nafikiri hapo alianza kuelewa, maana alivua kofia na kuivaa tena.

"Binti yako nilimwambia siendi," Fundi akasema. "Kwa ajili yako. Nilimwambia tuna safari."

Mlingoti akalitua begi chini. Alikuwa na haya yule bwana, na wala kosa halikuwa lake. "Kapteni," akasema, "mimi nibaki. Mpeleke shemeji. Mimi safari nimezila nikashiba."

Fundi akasubiri. Alikuwa bingwa wa kusubiri. Neno moja tu lingetosha. Hata "haya" ingetosha, hata kwa kununa, angepanda gari, angelala kwenye godoro lake la futi tano na inchi mbili, angesamehe yote kabla hawajafika kona ya kwanza.

Kapteni aliliangalia gari. Akamwangalia Mlingoti. Akakuna shingo.

"Ungesema mapema, mke wangu," akasema. "Mlingoti ameshaaga kwao. Na breki za gari hili anazijua yeye. Barabara ikiharibika tutafanyaje, mimi na wewe?"

Ile ndiyo mara pekee aliyosema "mimi na wewe".

Kisha akaongeza kwa upole, "Mpigie binti umwambie unakwenda. Si rahisi tu? Na hili godoro liongezee kipande. Kwako ni kazi ya dakika kumi."

"Soma mlangoni," Fundi akasema.

"Nini?"

"Nimeandika mlangoni. Fundi amesafiri."

Akaingia ndani. Baadaye alisikia injini, kisha geti. Gari lilitoka na mapazia ya njano yakiwa yamefungwa, na mito miwili ikiwa imeunganishwa pale godoro lilipoishia ili Mlingoti apate pa kuweka miguu.

Alimpigia binti. Kabla hajafungua mdomo binti akasema, "Mama! Mmeondoka? Mama mkwe amefika jana, usiwe na wasiwasi kabisa. Tumempa kile chumba kimoja, tumebanana lakini tunacheka. Wewe kula raha mama, umesubiri mno." Fundi akasema haya mwanangu, haya. Maneno mengine aliyameza.

Siku tatu alikaa ndani mlango wa mbele umefungwa. Angetokaje? Mtaa mzima ameuaga. Alipita mlango wa uani kuanika nguo, akarudi. Chai alikunywa kwa kikombe cha plastiki. Vile viwili vya kauri vilikuwa safarini. Siku ya tatu, mchana, alikaa kwenye cherehani kwa mazoea tu, mguu juu ya pedali bila kuikanyaga, wasije wakasikia nje.

Wanawake wawili wakasimama mlangoni. Mmoja akasoma kwa sauti: "Fundi amesafiri."

"Ndiyo, na mumewe. Nililiona gari likitoka, limevaa mapazia kama bibi harusi."

"Aende bwana, naye binadamu. Mume kama yule wa kukutengenezea nyumba ya magurudumu unampata wapi siku hizi?"

Simu ikatetemeka mezani. Fundi aliifunika kwa kitambaa, kisha akaona jina, akaichukua na kuibana sikioni.

"Mama! Umepata mjukuu. Wa kike!" Binti alikuwa analia na kucheka. "Amefanana na wewe, kila mtu anasema, hata mama mkwe aliyempokea. Mmefika wapi?"

Nje mmoja wa wale wanawake alikuwa ameegemea mlango, bega lake linaonekana kwenye upenyo.

"Mbona sauti yako ndogo hivyo, mama?"

"Mtandao," Fundi akanong'ona. "Bado tuko njiani."